Chaki Mgongoni

Sitadanganya: semina niliifuata posho,
ile ya pesa, si ile ya sahani,
elfu ishirini na nauli ya boda hadi Arua mjini,
na chai ya maziwa saa nne.
Siku tatu. Nilibeba daftari la kunakili.

Bi Lakot hakutupa cha kunakili.
Alitugawia pamba, akasema, zibeni masikio.
Kisha akafundisha somo zima akitazama ukuta.
Walimu thelathini, na vyeti vyetu,
tukachungulia daftari la jirani kama wezi wa mtihani.

Alipogeuka aliuliza jambo moja tu
(pamba tulikwisha kuzitoa, hakuna aliyeweza kujisingizia):
nani darasani kwako hajawahi kuchorwa na mtu?

Nikamkumbuka Ezaru.
Miaka miwili dawati la nyuma, karibu na dirisha.
Kwenye rejesta, mbele ya jina lake,
kwa mkono wangu, kwa wino mwekundu: hasikii.
Kana kwamba kosa nimeshalisahihisha.

Nikamkumbuka Gune, aliyevuka mpaka mgongoni kwa shangazi,
mguu mmoja umekataa kukua.
Niliwahi kuwapa imla: mgeni njoo, mwenyeji apone.
Gune aliandika bila kosa hata moja.
Nikampa kumi kwa kumi,
akaenda kula muhogo wake peke yake nyuma ya stoo.

—

Mwalimu mkuu alitaka ramani ukutani, na korongo wa taifa,
mkaguzi akija aone.
Tulikuwa na kopo moja la buluu na nusu la nyeupe.
Buluu ikaisha kabla mbingu haijafika dirishani.

Candia akasema, kwetu nyumba hupakwa udongo.
Kesho yake wakaja na makaveera:
udongo wa kichuguu, majivu,
mfinyanzi mweupe wa kijitoni,
masizi yaliyokwanguliwa sufuriani kwa kijiko cha mama
ambaye, nadhani, hakuulizwa.
Tukakoroga na uji wa muhogo ili ishike.

Wakaanza kugombana: hii inaitwaje?
Huyu Kilugbara, yule Kikakwa, wengine Kinubi,
mapacha wa Kongo waking'ang'ania Kilingala chao.
Ezaru alitazama midomo inavyopigana.
Akachovya kidole, akagusa mdomo wake: nyekundu.
Akagusa nywele: nyeusi.
Akagusa jino: nyeupe.
Kelele zikafa.
Wiki haikuisha, hata wale wa darasa la pili
walikuwa wakiomba rangi kwa vidole.

Gune hakuweza kupanda stuli.
Basi mchoro ukaanzia chini, alipoketi yeye,
ukatambaa kwa urefu wa mkono wake,
mlango hadi mlango.
Ramani hakuna. Korongo yumo:
amesimama kwa mguu mmoja,
wala hakuna anayemwonea huruma.

Mkaguzi alipokuja ilimbidi achuchumae.

—

Isidhaniwe yamekwisha.
Mzazi mmoja alimhamisha mwanawe,
akisema shule imegeuka kambi.
Mvua za Agosti zilikula nusu ya ukuta;
watoto wakaleta makaveera mengine bila kuambiwa.
Kwenye rejesta mpya nimeandika Ezaru,
na mbele ya jina nimeacha peupe.

Na mimi? Juzi nilisahau tena.
Nilikuwa naeleza sehemu, moja ya tatu, mbili za tano,
uso ubaoni, maneno yote nikiyamwaga kwenye ule weusi.
Kipande cha chaki kikanipiga mgongoni.
Nikageuka.
Wanafunzi sabini na wanane,
mikono juu ya madawati, wametulia kama maji ya mtungini.
Vidole vya wote vina vumbi jeupe.

Sikuuliza nani.
Nikaanza upya, moja ya tatu,
uso kwao.